Bomba la hewa baridi: ununue, ujitengenezee, au uache boksi la kiwandani?

Mpwa wangu aliweka mezani kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti, akakifungua taratibu kama anafungua samaki wa kuchoma. Ndani kulikuwa na filta nyekundu yenye umbo la pia, mdomo wa raba, kofia inayong'aa. Vijana wanaiita uyoga.

"Anko, tuijaribu kwanza kwenye Toyota GX 110 yako. Ikikubali, naifunga kwenye IST yangu."

Nikamwuliza itavuta hewa kutoka wapi. Akanitazama kama nimeuliza swali la mtego. "Si humo humo kwenye boneti, anko?"

Humo humo ndimo lilimo tatizo, na ndiyo maana ninaandika. Watu wakilinganisha mabomba ya hewa, yaani bomba na filta zinazoipa injini pumzi badala ya boksi la filta la kiwandani, huanza na mng'aro, halafu mlio, halafu jina lililobandikwa ubavuni. Mimi naanzia mdomoni: hewa inaingilia wapi, na pale pana joto kiasi gani? Mengine yote yanafuata baada ya hapo. Tulikuwa na Jumapili kadhaa za bure, tukaamua kupima badala ya kubishana.

Wezi wawili

Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza, kwa hesabu ya haraka, lita 6,000 za hewa kwa dakika hiyo, yaani lita 100 kila sekunde. Fikiria madumu matano ya lita 20 yakikaukia mdomoni mwa gari kila unapotamka "moja". Hewa hiyo huibiwa na wezi wawili. Wa kwanza ni mbano: filta iliyojaa vumbi, kona kali, bomba jembamba. Wa pili ni joto: hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo lita ileile inabeba oksijeni pungufu.

Uzuri wake ni kwamba wezi hawa wanapimika kwa mizani moja. Uzito wa hewa unaotukandamiza ufukweni ni sawa na safu ya maji yenye urefu wa mita 10 na kidogo. Kwa hiyo kila sentimita 10 za maji zinazopotea kwenye mbano ni takriban asilimia 1 ya hewa yako. Na kwa joto letu la Dar, kila nyuzi 3 zinazoongezeka nazo zinakula takriban asilimia 1. Shika namba hizo mbili, 10 na 3. Ukiwa nazo, muuzaji hakuyumbishi.

Mbano tuliupima kwa mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi huujaza maji kusawazisha msingi. Ncha moja tuliichomeka kwenye bomba baada ya filta, tukaupitisha mpira dirishani, tukaukunja kwa umbo la U kwenye ubao mbele ya mpwa wangu, ncha ya pili ikabaki wazi. Maji tuliyatia juisi ya zambarau yaonekane vizuri. Mimi naendesha, yeye anasoma rula. Kishikio cha gia kwenye L, gia ya chini kabisa, mguu mpaka chini, mshale ukifika 6,000 gari liko kama 60 kwa saa tu, kwa hiyo hatukuhitaji kuhatarisha maisha ya mtu. "Anko, yamepanda! Yamepanda!" Siku ile ilibidi tuongeze urefu wa mpira, maana mara ya kwanza maji nusura yaishie kwenye injini.

Joto tulipima kwa kipimajoto cha friji chenye waya mrefu. Ncha yake tuliining'iniza ndani ya bomba. Nje kulikuwa na nyuzi 31.

| Kilichofungwa | Mbano (sm za maji) | Joto, mwendo wa 80 | Joto, foleni |
|---|---|---|---|
| Boksi, filta kuukuu | 38 | 35 | 41 |
| Boksi, filta mpya ya karatasi | 22 | 35 | 41 |
| Uyoga chini ya boneti | 8 | 44 | 63 |
| Seti ya kununua, filta nyuma ya bampa | 9 | 34 | 36 |
| Boksi lenye mdomo wa kujitengenezea | 17 | 33 | 38 |

Ni vipimo vya barabarani kwenye gari moja, si vya maabara. Gari lako litatoa namba zake. Ila ule mpangilio, nani juu na nani chini, sitegemei ubadilike sana kwa gari lolote lisilo na tabo, ile turbo inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini.

Uyoga

Tazama mstari wa tatu. Kwenye mbano uyoga umeshinda wote, na hapo ndipo muuzaji anaposimama. Kutoka 22 hadi 8 ni sentimita 14, umepata asilimia 1.4. Halafu ukaongeza nyuzi 9 za joto ukiwa kwenye mwendo, umepoteza asilimia 3. Kwenye foleni ya Ubungo umeongeza nyuzi 22, umepoteza kama 7. Umelipa pesa ununue upungufu.

Mbona basi kila aliyefunga anaapa gari limekuwa jepesi? Ni mlio. Boksi la kiwandani lina vyumba na vikopo vya pembeni vilivyowekwa makusudi kumeza sauti ya hewa inayoingia. Ukiling'oa, injini inavuta pumzi waziwazi, na sikio linaiambia nafsi kwamba kuna nguvu. Sina ugomvi na mlio. Mtu akiniambia anautaka, nitamshikia spana. Asiniambie tu kwamba ni nguvu za farasi.

Kitu kingine: hizi nyekundu za mitaani nyingi ni feki zenye stika ya K&N, kampuni iliyoanzia Riverside, California na iliyojulikana kwa filta za pamba yenye oili. Ya kweli ina matabaka ya pamba yaliyobanwa kati ya nyavu mbili. Yetu tuliishika mbele ya tochi ya simu. Kitambaa kimoja, mwanga unapita kwenye mikunjo kama chandarua kilichozeeka, na gundi kwenye kofia imeachia robo ya mzunguko. Vumbi la Dodoma lingepita pale bila hata kupiga hodi, na vumbi lile ni mchanga. Likichanganyika na oili ukutani mwa silinda ni msasa mtupu.

Seti ya kununua

Seti kamili ni bomba lililokunjwa kufuata gari lako, filta, mipira ya kuunganishia, klipu, vibano vya kushikilia, na mahali pa sensa palipochongwa kwa kipimo. Zenye majina, zikiwa mpya, huuzwa kwa dola mia kadhaa huko zinakotoka, kabla hujagusa usafiri na ushuru. Tuliyoipima si yangu. Ni ya rafiki mwenye gari kama langu aliyeiagiza kutoka Japani, bomba la alumini na filta yake imeshuka chini nyuma ya bampa.

Ilifanya vizuri. Mbano 9, joto karibu sawa na hewa ya nje, hata kwenye foleni. Ukijumlisha ni faida ya asilimia 1.6 juu ya boksi lenye filta mpya. Injini ya GX 110 yangu, iitwayo 1G-FE, kiwandani inatajwa kuwa na farasi 160, kwa hiyo umeongeza farasi wawili na nusu. Rafiki yangu alipigwa na butwaa kidogo niliposema hivyo, kwa sababu karatasi iliyokuja na seti ilikuwa na mchoro wa farasi 9. Michoro ya namna hiyo uisome kwa makini: boneti lilikuwa wazi au limefungwa? Mbele palikuwa na feni kubwa? Filta waliyoanzia kupima ilikuwa mpya au imechoka? Rudi kwenye jedwali. Kubadilisha filta kuukuu kwa mpya ya karatasi pekee kunarudisha asilimia 1.6 ileile.

Unacholipia kwenye seti nzuri, kwa maoni yangu, ni kukalia vizuri. Inaingia bila kulazimisha, haigusi feni, haisuguani na waya, na kipenyo cha ndani pale penye sensa ni sahihi. Hilo la mwisho ndilo ghali kuliko yote, na ndipo wengi wanaojitengenezea huanguka.

Kujitengenezea, na ile sensa

Magari mengi ya petroli yaliyopo barabarani kwetu yana sensa ya hewa, MAF, kijiti chenye waya mwembamba wa moto kilichochomekwa kwenye bomba au kwenye mfuniko wa boksi. Hewa ikipita inaupoza waya, na kompyuta ya gari inasoma umeme unaohitajika kuupasha tena. Kutokana na hapo inakadiria hewa yote iliyoingia na kumwaga petroli kwa uwiano wake, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito.

Ukadiriaji huo umejengwa juu ya kipenyo kimoja cha bomba. Sensa haioni bomba zima. Inaonja hewa pale katikati tu, halafu kompyuta inazidisha.

Sasa fundi anakuja na bomba la milimita 80 kuchukua nafasi ya la milimita 70, kwa imani kwamba kubwa ni bora. Eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 30. Hewa ileile sasa inapita polepole mbele ya waya, sensa inasema "hewa imepungua", na kompyuta inapunguza petroli wakati hewa haikupungua hata chembe. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua na kompyuta inarekebisha kwa kuongeza, mpaka ifike mwisho wa kamba yake. Hapo taa ya injini inawaka, na kwenye mashine ya kusoma utaona P0171: mchanganyiko mkavu. Lakini ukikanyaga mpaka chini, kompyuta huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lake, na marekebisho huenda yasitoshe. Yaani pale pale unapotafuta nguvu ndipo injini inapochoma ikiwa kavu, ya moto, na kugonga. Nimeona pistoni ya namna hiyo kwenye meza ya gereji moja. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Kwa hiyo, ukiamua kujenga, anza kwa kupima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, kwa vernia, kile kipimo chenye taya, si kwa rula. Njia salama kuliko zote ni kutolichonga kabisa lile eneo: kata kile kipande cha kiwandani kinachoshika sensa, au tafuta cha gari lililokatwa kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar, ukitumie kama kilivyo, na bomba lako lianzie mbele yake. Acha urefu ulionyooka kabla ya sensa. Ukiweka kona kali sentimita chache kabla yake, hewa inafika ikizunguka kama maji ya sinki na gari linatetemeka likiwa limesimama. Magari mengine kiwandani yamewekewa wavu wa plastiki mbele ya sensa kunyoosha hewa. Fundi akikuambia autoe kwa sababu unazuia, mnyang'anye bisibisi.

Honda nyingi za zamani na baadhi ya Toyota za miaka ya 90 hazina MAF. Zinapima mgandamizo ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawia silinda hewa, na hizo hazijali kipenyo cha bomba lako. Kama gari lako ni la aina hiyo, kujitengenezea ni rahisi zaidi kwa nusu.

Jambo la pili ni kimpira kidogo kinachotoka kwenye mfuniko wa valvu na kuingia kwenye bomba la hewa. Hicho ndicho pumzi ya injini. Lazima kirudi kwenye bomba lako jipya, baada ya filta na baada ya sensa. Mara ngapi nimefungua boneti la gari lenye bomba la kuchomelea nikakuta kimpira kile kimeachwa kinaning'inia, au kimezibwa kwa bolti! Kikiachwa wazi, injini inavuta hewa isiyopimwa pamoja na vumbi moja kwa moja. Kikizibwa, mvuke wa oili unatafuta mlango mwingine na sili zinaanza kuvuja.

Kuhusu mabomba yenyewe. La PVC la maji taka ni rahisi, linakatwa kwa msumeno wa kawaida, kona zake zipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Linaanza kulegea kwenye nyuzi kama 80, kwa hiyo mbele ya rejeta pembeni linavumilia, jirani ya ekzosi halifai. Bomba la chuma cha pua utalipata kwa wale wanaotengeneza vizuizi vya ngazi na baraza. Linachomelewa vizuri na halipati kutu, ila ni zito na lazima ulishikilie kwa kibano, vinginevyo litauvunja mdomo wa plastiki wa boksi kwa mtikisiko. Alumini ni jepesi na la kupendeza, ila litahitaji fundi mwenye gesi ya agoni, na hao hawako kila kona. Ubishi wa alumini kushika joto na plastiki kutoshika ni wa kweli gari likiwa kwenye foleni. Likishaanza kwenda, hewa inapita upesi mno kupata muda wa kuchemka ndani ya bomba. Ninachopendelea mimi ni mabomba ya plastiki ya kiwandani ya magari mengine, yaliyotumika. Yapo chungu nzima kwenye maduka ya vipuri vya mitumba, yametengenezwa kwa kazi hiyohiyo, yanastahimili joto, na muuzaji mara nyingi hata hajui lilitoka gari gani.

Boksi lenyewe, na pua yake

Nimeliacha hili mpaka sasa kwa sababu ndilo nililolichagua.

Boksi la kiwandani si la kijinga. Kwenye magari mengi ya Kijapani lina pua ya plastiki inayokwenda mbele, karibu na shoo, ule wavu wa mbele ya gari, au juu ya rejeta, au inaingia ndani ya fenda. Lenyewe tayari ni bomba la hewa baridi. Ila fungua boneti la IST au Vitz lililokaa mjini miaka kumi uangalie kama pua bado ipo. Ya mpwa wangu haikuwepo. Kulikuwa na tundu tu, na nyuma ya tundu injini. Fundi fulani aliing'oa siku ya kubadilisha kitu kingine, klipu ikavunjika, akaona haina kazi. Kwa hiyo kijana alitaka kununua uyoga unaovuta hewa ya moto ilhali gari lake tayari lilikuwa linavuta hewa ya moto.

Kwenye GX 110 nilifanya hivi. Nilinunua pua ya mtumba yenye mdomo mpana kuliko ya kwangu, nikaipitisha pembeni ya taa mpaka nyuma ya shoo, nikaunganisha na kishingo cha chini cha boksi kwa mpira na klipu mbili. Kuta za boksi upande wa injini nikazibandika tabaka la kuzuia joto lenye karatasi ya fedha. Mpira wa kuzunguka mfuniko ulikuwa umekauka, nikaweka mwingine. Kazi ya asubuhi moja, pesa ya kununua mafuta ya wiki. Mbano umeshuka hadi 17, joto hadi 33: faida ya asilimia 1.2, farasi wawili. Seti ya rafiki yangu imenizidi kwa nusu farasi. Nami nimebaki na filta ya karatasi inayopatikana kila duka, sensa haikuguswa, na gari halipigi kelele saa kumi na moja alfajiri majirani wakiwa wamelala.

Kuhusu petroli, ninyi mnaotarajia bomba lipunguze matumizi: mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, iliziba makusudi filta za magari ya kisasa yanayopuliza petroli kwa sindano badala ya kabureta, na matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichodorora ni uharakishaji. Sababu yake ni kwamba ukiendesha kawaida tayari unaibana hewa wewe mwenyewe kwa mguu. Filta ikibana kidogo, mguu unafungua kidogo, hesabu inabaki palepale. Magari ya kabureta ndiyo yalikuwa yanakula zaidi filta ikiziba.

Nyongeza kwa wale wa bara. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Nairobi hazipungui sana kutoka mita 1,800. Huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano. Baridi inarudisha sehemu, lakini injini isiyo na tabo bado inakosa takriban asilimia 15 ya pumzi yake. Ukiteremka na gari kutoka Mbeya hadi Dar, mteremko umekupa kile ambacho mabomba kumi ya alumini hayakupi.

Maji

Seti zinazoshusha filta nyuma ya bampa zina dosari moja ambayo jedwali langu halioneshi. Masika, bonde la Msimbazi linapojaa, Jangwani panageuka ziwa, na watu wanajaribu kupita wakifuata daladala. Filta ya kiwandani inavuta hewa usawa wa taa. Filta iliyoshushwa inavuta usawa wa goti. Ikizama, injini inanyonya maji kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija, na maji hayakandamiziki. Pistoni inapanda, inakutana na ukuta, konrodi inapinda. Haingurumi wala kutoa onyo, inazima tu. Ninamjua aliyelipia injini nzima kwa dimbwi ambalo IST ya mbele yake ilipita salama.

Kampuni ya AEM ya Marekani iliwahi kutoa valvu ya kupachika katikati ya bomba, filta ikizama valvu inafunguka na kuvuta hewa juu. Wazo zuri, kwa magari yasiyo na tabo. Ninayemjua mimi hakuwa nayo. Kama unaishi ambako barabara hujaa, chagua filta ya juu au usichague kabisa.

Filta za pamba yenye oili nazo zina masharti. Zinaoshwa na kutumika tena, hilo ni kweli na kwa muda mrefu linaokoa pesa. Lakini mtu akishazimwagia oili kama anakaanga chipsi, oili inasafiri na kutua kwenye waya wa sensa, sensa inaanza kudanganya. Waya husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya sensa, si kwa dawa ya kabureta wala kwa kitambaa. Na filta ya karatasi, tafadhali, usiipulize kwa kompresa mpaka ukafurahi. Upepo mkali unaitoboa matundu usiyoyaona. Ishike mbele ya taa ukimaliza.

Tabo na dizeli, kwa kifupi

Subaru yenye tabo ni habari nyingine. Tundu lililo juu ya boneti la Impreza au Forester ya tabo halipeleki hewa kwenye filta, linapoza intakula, kifaa kinachopoza hewa iliyokwisha kubanwa na tabo. Mbano kabla ya tabo unauma zaidi kuliko kwenye injini yangu, kwa hiyo bomba zuri linaweza kulipa, ila sensa iko palepale na injini hizo hazisamehi mchanganyiko mkavu. Usifunge bila kupanga upya kompyuta kwa mtu anayejua.

Dizeli za safari, Land Cruiser na Hilux, zilishapata jibu lao: snokeli inayopanda mpaka usawa wa paa. Hewa ya nje, mbali na maji, na vumbi la gari la mbele linapungua. Haina mng'aro wowote na ndilo bomba la hewa baridi lenye akili kuliko yote niliyoyataja. Hakikisha tu maungio yake yamezibwa. Nyingi ni pambo, chini zinavuja.

Ukishafunga

Chochote utakachofunga, usiondoke gereji kabla ya mambo mawili. Injini ikiwaka, pulizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia nywele kwenye kila ungio baada ya sensa. Mlio ukibadilika, hapo pana tundu. Halafu tafuta mashine ya kusoma kompyuta uangalie marekebisho ya petroli ya muda mrefu baada ya siku mbili tatu. Vile vidude vya Bluetooth vya bei rahisi mara nyingi havielewani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kwa hiyo huenda ukahitaji fundi mwenye mashine kubwa. Gari likiwa na boksi lake, namba hiyo huwa inachezea kati ya kuondoa asilimia 5 na kuongeza asilimia 5. Bomba jipya likiipandisha ikapita 10 na kukaa huko, lifungue urudishe la zamani mpaka ujue kwa nini.

IST ya mpwa wangu tuliipatia pua ya mtumba na filta mpya ya karatasi. Uyoga aliufunga pia, wiki mbili, kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Jumatatu alirudi kuazima bisibisi.